Sikio, kope na presha isiyoonekana

Mwaka 1973 daktari Mmarekani, Sanders Frank, aliandika kwamba mkunjo wa mshazari kwenye ndewe ya sikio huandamana na ugonjwa wa mishipa ya moyo. Ukisikia hivyo kwa mara ya kwanza unaweza kudhani ni ramli. Mimi siipuuzi habari hiyo, kwa kuwa ushahidi uliofuata una uzito.

Watafiti wa Copenhagen, Denmark, waliwafuatilia watu 10,885 kwa miaka 35. Walitazama mkunjo wa ndewe, upara wa mbele, upara wa utosini na vivimbe vya manjano kwenye kope. Aliyekuwa na alama tatu au nne kati ya hizo, hatari yake ya kupata mshtuko wa moyo ilizidi ya yule asiyekuwa na hata moja kwa asilimia 57. Tofauti hiyo ilibaki hata walipozingatia umri na visababishi vinavyojulikana. Iliyotabiri zaidi ni ile ya kope, na hilo linaeleweka: vivimbe hivyo ni lehemu (kolesteroli) iliyojikusanya chini ya ngozi. Ila takriban nusu ya wenye navyo, lehemu yao ya damu hukutwa ya kawaida.

Lakini waliochunguzwa walikuwa Wadenmark, na ugonjwa uliotafutwa ni wa mishipa kuziba. Huku kwetu Afrika Mashariki mioyo mingi inachoshwa na presha, na presha haiachi alama sikioni wala kwenye kope. Mtoto ambaye valvu za moyo wake zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanza kwa maambukizi ya koo, naye hana upara wa kumtahadharisha mama yake. Kinachonitia hofu si mzee mwenye mkunjo atakayekimbilia kupima bure. Ni yule mwembamba, mwenye nywele zake zote, anayejitazama kwenye kioo na kujiona salama huku presha yake ni 170 kwa 100. Mkanda wa kupimia presha mkononi ungemwambia ukweli kwa dakika moja.

Tena tusichanganye alama hizi na miguu kuvimba, kukosa pumzi ukilala chali, au mishipa ya shingo kutuna. Hizo hazitabiri kitu: mara nyingi moyo umekwisha kuelemewa, na mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo.