Nambari ya kesi nipe na mimi niione

Kwa karibu miaka miwili neno nililolichukia kuliko yote ni "bado". Mume wangu yuko Columbus, Ohio, mimi niko Mombasa, na kila nikimuuliza karatasi za mimi kuhamia kule zimefikia wapi jibu ni hilo hilo, bado mama, subiri. Nikikata simu nabaki nahesabu, bado gani hii haina mwezi wala tarehe, alafu mavyaa akija anauliza hujaitwa tu, wifi naye anauliza, jirani naye, na mi sina la kuwajibu manake mwenyewe sijui. Wallahi kuna usiku nilifika kuwaza labda hizo fomu hakuzipeleka kabisa, labda ana mtu huko. Nayasema haya wazi kwa sababu najua hapa pwani tuko wengi, wanawake kwa wanaume, tunaishi hivi na tunanyamaza.

Mimi naona hivi: faili la makaratasi ya mke ni la watu wawili, na kila mmoja awe anaweza kulifungua mwenyewe akalisoma kwa macho yake. Siku mume wangu aliponitumia picha ya ile risiti ya maombi yetu, ile yenye nambari ya kesi, herufi tatu na tarakimu kumi, nikaingia kwenye tovuti ya uhamiaji ya Marekani nikaiandika nikasoma, ndo siku nilipolala. Hakuna kilichosonga siku ile, mambo yalikua vilevile, ila nilikua nimeona.

Tena nilipoanza kusoma ndo nikajua mengi ambayo ningeyajua mapema nisingemuonea. Yeye alikwenda kwa lotari ya grinkadi, yaani kile kibali cha kuishi Marekani moja kwa moja, mwaka 2018, hajaoa. Nikahi yetu ilikua Disemba 2020, cheti tukachukua kwa kadhi, na Oktoba 2021 akapeleka ile fomu ya I-130, ya kuniombea mimi mkewe nihamie kule. Sasa sikiliza, mke wa mwenye grinkadi na mke wa raia wa Marekani hawapangi foleni moja. Mke wa raia visa zao hazina kikomo kwa mwaka, karatasi zikitimia anasubiri kuitwa intavyu tu. Mke wa mwenye grinkadi anaingia kundi linaloitwa F2A, kundi lina idadi yake ya mwaka, na kila mwezi serikali yao inatoa taarifa yenye tarehe, kama tarehe ya fomu yako haijafikiwa unakaa hapo hapo ulipo. Wakati tunaanza F2A ilikua na herufi C, yaani njia iko wazi. Fomu yetu ikakubaliwa Machi 2023, mamangu akapika biriani, watu wakaja. Alafu taarifa ya Aprili ikatoka, tarehe imerudishwa nyuma mpaka Septemba 8, 2020. Sisi ni wa Oktoba 2021, kwa hivyo tukawa nje kwa zaidi ya mwaka mzima, na biriani watu washakula.

Mume wangu aliijua habari ile wiki ile ile na hakuniambia kwa miezi minne. Alisema alinihurumia. Mimi nimeshamwambia na namwambia tena hapa, kule kunihurumia ndo kulikoniumiza zaidi, manake miezi minne ile nilikua naaga watu. Niliacha kufundisha nasari nikijua naondoka. Friji yangu ikaharibika sikununua nyingine, nikawa nabeba nyama kwenda kuweka kwa mamangu, mtaa wa pili, na mtoto mchanga mgongoni, nikijiambia ya nini kununua friji nami nasafiri. Ningejua ukweli wa ile tarehe ningenunua friji siku ile ile.

Na wale wa kusema mbona haji akakaa na mkewe japo mwaka mmoja, hata mimi niliyasema hayo, lakini mwenye grinkadi akikaa nje zaidi ya miezi sita anaweza kuvunja hesabu ya ile miaka mitano ya kuombea uraia, na akipitisha mwaka bila kibali anaweza kuipoteza grinkadi yenyewe. Kwa hivyo kuja kwake ilikua wiki tatu, wiki nne, anarudi. Huko kukaa kwake mbali ndo kulikua kunatufungulia njia, ila nani alinielezea? Mimi nilikua naona mwanamume asiyetaka kuja nyumbani.

Miaka mitano ilitimia Agosti 2023, akaomba, na mapema 2024 akaapa akawa raia. Tukapeleka cheti chake cha uraia kwenye kile kituo cha taifa cha visa kilichoko New Hampshire na faili langu likahamishwa, nikawa mke wa raia, foleni ya tarehe kwishney. Nikashukuru Mungu. Hapo ndipo tulipopata pigo ambalo nataka kila mtu mwenye mtoto alisome mara mbili. Kwenye F2A mtoto anaandamana na faili la mamake, faili moja. Baba akishakua raia, mtoto haandamani tena na mama, lazima apelekewe I-130 yake mwenyewe na alipiwe, na inaanza mwanzo. Binti yetu kazaliwa Julai 2022, alikua ndani ya faili langu, babake alivoapa tu akatoka. Hatukujua mpaka tulipofika kuandika jina lake.

Mashangazi wakaniambia we tangulia mtoto atafuata. Nilikataa na bado nakataa. Nimekaa miaka yote hii nikisubiri familia iwe pamoja, sasa niiache nusu yake na mimi? Kwa hivyo faili langu lililokua mbele limekaa linasubiri la mtoto, na hiyo ni hiari yangu mimi, nimeikubali kwa akili zangu. Ila sio kwamba nimekaa tu. Kesi ikifika kule kwenye kituo cha visa ukakaa mwaka mzima bila kuwasiliana nao wanaweza kuifunga, kwa hivyo kila baada ya miezi michache naingia kwenye akaunti, naangalia, natuma ujumbe. Mimi ndo naifanya kazi hiyo sasa, paswadi ninayo, yeye anapiga shifti za usiku hana nafasi. Dola 325 za kila mmoja wetu na 120 za karatasi za mdhamini alilipa yeye, fomu ya DS-260, ile ya kuombea visa yenyewe, nikaijaza mimi.

Mengine nitayapitia haraka. Cheti cha tabia njema cha polisi usikimbilie kukichukua mapema, kikipitisha miaka miwili utaambiwa urudie, na vipimo vya hospitali usiguse mpaka uwe na barua ya intavyu mkononi. Anayekuambia ana mtu ndani atalisukuma faili kwa pesa, huyo mkimbie. Mumeo au mkeo aliye kule anaweza kuandikia ofisi ya mbunge wa huko wa eneo lake wamuulizie kesi imekwama wapi, hawalipishi, unasaini tu karatasi ya ruhusa, sisi tulifanya hivo kwa la mtoto na jibu lilikuja. Na wanaosema omba visa ya kutembea umuone mumeo, nielewe, ukishakua na faili la kuhamia ni vigumu sana kumshawishi ofisa kwamba utarudi.

Friji nilinunua mwaka jana. Nilirudi kufundisha pia. Mavyaa aliona vibaya mwanzo, akaniambia unaonekana umekata tamaa na mwanangu, nikamfungulia simu nikamuonyesha faili lote tangu risiti ya kwanza, nikamsomea kwa Kiswahili mstari kwa mstari, na tangu siku hiyo wakimuuliza watu anawajibu yeye, mimi siulizwi.

Mume wangu anatoka kazini saa kumi na mbili asubuhi ya kwao, huku kwetu ni saa saba mchana, na wao wakirudisha saa zao nyuma Novemba inakua saa nane. Ijumaa baada ya swala tunapigiana simu, kila mmoja anafungua faili lake, mimi la kwangu yeye la mtoto, tunasomeana. Jambo moja linamfurahisha sana, kwamba binti yetu akiingia kule na visa yake akiwa anaishi na babake atakua raia siku ile ile, kabla ya mamake. Mimi namwambia sawa, lakini Januari anaingia chekechea hapa hapa, na karo ya muhula mzima nishalipa.