Kifundo kikiteguka dakika ya 80, kosa ni la uchovu?

Winga anateguka kifundo cha mguu dakika ya 80, na kabla machela haijaingia uwanjani mtangazaji ameshatoa hukumu: miguu imechoka. Hukumu hiyo ina ushahidi. Ila nadhani tunaiamini kupita kiasi.

Chama cha soka cha Uingereza kilifuatilia majeraha katika klabu za kulipwa kwa misimu miwili, kuanzia 1997 hadi 1999. Kati ya vifundo vilivyoteguka kwenye mechi, asilimia 48 viliteguka katika theluthi ya mwisho ya kila kipindi. Maabara nazo zinaunga mkono. Mchoshe mtu misuli ya kigimbi na ile ya upande wa nje wa muundi, kisha msimamishe kwa mguu mmoja: atayumba zaidi, na akifumba macho atakosea zaidi kukisia unyayo wake umeinama kiasi gani. Misuli hiyo ya nje ndiyo inayozuia unyayo usipindukie ndani, na unapopindukia ndani ndipo kano za nje ya kifundo huchanika.

Angalia lakini neno "kila kipindi". Mchezaji wa dakika ya 40 hajachoka kama wa dakika ya 85, mbona naye yumo? Mtetezi wa uchovu ana jibu, tena zuri: kuyumba kule kunakopimwa maabara hupungua ndani ya dakika chache za kupumzika, kwa hiyo mapumziko ya dakika 15 yanatosha kumrudisha mtu karibu na alikoanzia. Mpinzani atasema mwisho wa kipindi ndipo timu iliyo nyuma inapomwaga watu mbele na rafu kuongezeka. Namba zile peke yake haziamui kati yao.

Kinachonitia shaka zaidi ni kasi ya tukio lenyewe. Unyayo ukianza kupinduka, misuli ya nje huchukua milisekunde 60 hivi au zaidi kuanza tu kushtuka, na nguvu ya kuvuta huja baadaye zaidi. Kano inaweza kuwa imeshachanika. Ikiwa hata mguu usiochoka unachelewa, kusema uchovu umeuchelewesha kidogo zaidi hakuelezi mengi. Kinachookoa kifundo ni maandalizi kabla ya mguu kugusa ardhi: umewekwa wapi, misuli imekazwa kiasi gani. Hapo uchovu unaweza kuingia kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2004 watafiti Gribble na Hertel walionyesha kwamba kuchosha misuli ya nyonga na goti kuliongeza kuyumba kwa pembeni kuliko kuchosha ile ya kifundo. Tunakandakanda vigimbi, kumbe tatizo huenda liko juu.

Halafu kuna rafu. Utafiti wa UEFA kwa klabu kubwa za Ulaya, uliochukua misimu 11, ulikuta asilimia 40 ya vifundo vilivyoteguka kwenye mechi vilihusiana na faulo. Beki akikukanyaga, pumzi uliyobakiza haina msaada mkubwa. Na aliyewahi kuteguka yuko hatarini kuliko wengi wa wenzake, achoke asichoke.

Ruhusa ya kubadilisha wachezaji watano, iliyoanza 2020, inaisaidia timu yenye benchi. Kwenye ndondo, ambako benchi ni watu wawili na uwanja una mashimo, mabadiliko hayo si dawa. Ningekuwa kocha wa timu kama hiyo, swali langu la kwanza lingekuwa nani aliteguka msimu uliopita, maana mazoezi ya kusimama kwa mguu mmoja, pamoja na kufunga kifundo, hupunguza kuteguka tena. Mazoezi hayo ningeyagawa: sehemu mwanzoni, na sehemu mwishoni mwa mazoezi, nyonga zikiwa tayari nzito. Hilo la mwisho ni kamari yangu, lakini halihitaji vifaa.