Aliyeita simile ndiye aliyetukanwa

Juzi, katika kichochoro kinachotokea Mtaa wa Biashara, nilimshuhudia hamali akisukuma mkokoteni wa magunia huku akiita, "Simile, mzee wangu, simile!" Mwenye kanzu nyeupe hakusogea, kwa kuwa simu yake ilikuwa na shughuli kubwa kuliko njia ya watu, na gurudumu lilipomgusa upindo alimgeukia kijana wa watu akamwambia, "Wewe mshenzi, huna macho?" Hamali akauweka mkokoteni chini, na sote tuliokuwapo tukajua kinachofuata.

Sisi watu wa Mombasa hupenda kujisifu kwamba lugha yetu ina adabu, na shikamoo zetu tunazihesabu kama mali. Ninachokiona mimi ni kwamba adabu hiyo hupanda tu, haishuki: tajiri huombwa radhi hata kabla hajakosewa, ilhali makanga, hamali na mtumishi wa nyumbani huitwa "wewe" mchana kutwa. Neno lenyewe halina kosa, lakini likitangulia peke yake, pasi na ndugu, mwanangu wala kaka, humvua mtu ukoo mbele ya hadhara, na aliyevuliwa hivyo hutafuta cha kujifunika, aghalabu ngumi. Hamali yule angaliambiwa, "Ndugu yangu, umenichafua," angalipata pahala pa kuomba radhi bila ya kuaibika. Kwa kuwa alitukanwa, alibakiwa na mawili tu, kunywea au kupigana.

Nakubali, shingo upande, kwamba maneno laini nayo hukata, na anayebisha akasome majina ya leso, yaani misemo inayoandikwa juu yake, katika maduka ya mtaa huo huo. Ipo pia sheria ya mwaka 2008 inayoharamisha matamshi ya chuki ya kikabila, ila haikutungiwa vichochoro.

Aliyetuokoa ni bibi mmoja mwenye kikapu, aliyejipenyeza baina yao akasema, "Niwieni radhi wanangu, nipisheni nipite." Wakampisha, mmoja huku na mwingine kule, na walipotazamana tena hasira ilikwisha kupoa. Mwenye kanzu hakuomba radhi, jambo linaloniudhi hadi leo. Hamali aliinua mkokoteni wake, na alipofika kwenye kona nilimsikia akiita tena, kwa sauti ile ile, "Simile, jamani, simile."