Nyuzi Tatu Ambazo Tayari Zina Mwenyewe

Pendekezo la kupandisha joto la vyakula vilivyogandishwa kutoka nyuzi 18 hadi nyuzi 15 chini ya sifuri limeanza kuzungumzwa kana kwamba limekwisha kushinda, na wanaolitilia shaka wanahesabiwa kuwa watu wa mazoea. Lilipata sauti mwaka 2023, katika mkutano wa tabianchi wa COP28 kule Dubai, pale DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, na washirika wake wa usafirishaji na uhifadhi walipotangaza muungano wa kulipigania. Walitegemea utafiti ulioshirikisha Chuo Kikuu cha Birmingham, Chuo Kikuu cha London South Bank na Taasisi ya Kimataifa ya Upoozaji yenye makao yake Paris. Kwa hesabu yao, nyuzi hizo tatu zingeokoa tani milioni 17.7 za hewa ukaa kila mwaka, sawa na kuyaondoa barabarani magari milioni 3.8, na kupunguza gharama katika mnyororo baridi, yaani safari nzima ya chakula kwenye baridi kutoka kiwandani hadi kwa mlaji, kwa asilimia 5 au zaidi, hadi asilimia 12 katika baadhi ya sehemu zake.

Hoja mbili za upande huo ni za kweli. Ya kwanza ni kwamba suala hili si la usalama. Kugandisha hakuui bakteria, kunawasimamisha tu, na hata wale wanaostahimili baridi kali huacha kuongezeka katika chakula joto likishafika nyuzi 10 hadi 12 chini ya sifuri. Anayedai kwamba kuku aliyesafirishwa kwa nyuzi 15 atamletea mlaji maradhi anakosea, na anawaharibia hoja watetezi wenzake wa kiwango cha zamani. Ya pili ni kwamba namba 18 haikutoka maabara. Ni sifuri ya kipimo cha Fahrenheit, namba ya duara iliyokuwa rahisi kukumbuka, ambayo ikigeuzwa kuwa Selsiasi inatoa 17.8. Hata hiyo 18 yenyewe, basi, ni ya kukadiria.

Lakini asili ya namba ni jambo moja, na yaliyogunduliwa baada ya namba hiyo kutumika ni jambo jingine. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, maabara ya Wizara ya Kilimo ya Marekani iliyoko Albany, California, ilitumia miaka mingi kupima jinsi vyakula vilivyogandishwa vinavyopoteza ladha, rangi na ulaini katika viwango mbalimbali vya joto. Kilichoonekana ni kwamba uharibifu haukomi chakula kinapoganda. Vimeng'enya vinaendelea na kazi polepole, mafuta yanachacha kidogo kidogo, na chembe za barafu zinakua na kuchana nyama kwa ndani kila joto linapopanda na kushuka. Kasi ya mambo hayo huongezeka upesi kuliko joto lenyewe linavyopanda, na hasara ikishaingia hairudi: kushusha joto baadaye kunazuia hasara mpya tu.

Hapo ndipo majedwali ya taasisi ile ile ya Paris yanapostahili kusomwa kwa utulivu. Yanaonyesha kuwa samaki asiye na mafuta mengi hudumu takriban miezi 9 akiwa katika nyuzi 18, na miezi 4 tu katika nyuzi 12. Samaki mwenye mafuta hushuka kutoka miezi 5 hadi 3, nazo njegere kutoka miezi 24 hadi 6. Nyuzi 15 iko kati ya viwango hivyo, na kwa kuwa miezi haipungui kwa mstari ulionyooka, msomaji asijifariji kwa kugawanya tofauti katikati. Zaidi ya hayo, miezi inayopotea haionekani ikipotea. Hakuna katoni inayofika bandarini ikiwa imeoza. Samaki anashuka melini akiwa mgumu kama jiwe, kipimajoto kinaridhika, karatasi zinagongwa mihuri, na upungufu unajitokeza miezi kadhaa baadaye kwenye ghala au kwenye friza ya mnunuzi wa mwisho, mahali ambapo hakuna tena anayeweza kuonyesha ulianzia wapi. Anayelipia umeme au mafuta ya kuendesha mashine njiani ndiye anayeokoa, ilhali anayepoteza miezi ni mwenye mali, na mara nyingi hawa si mtu mmoja.

Wanaosema nyuzi tatu ni kitu kidogo husahau pia kwamba nyuzi hizo tayari zina mwenyewe. Agizo la Ulaya la mwaka 1989 kuhusu vyakula vilivyogandishwa haraka linataka nyuzi 18 chini ya sifuri au baridi zaidi, kisha linaruhusu joto lipande kwa muda mfupi wakati wa usafirishaji, lisizidi nyuzi tatu. Ruhusa hiyo haikutolewa kwa ukarimu tu. Ni ya mlango wa lori unaofunguliwa juani, ya saa ambazo kontena huwa halina umeme likihamishwa kutoka melini kwenda uwanjani, ya paleti iliyosubiri sakafuni zamu ibadilike. Kiwango kikiwa nyuzi 15 na ruhusa ikabaki ile ile, safari halali itaweza kugusa nyuzi 12, ambako jedwali linamtaja samaki wa miezi 4. Ruhusa ikifutwa ili nyuzi 12 isifikiwe, itabidi kila bandari na kila dereva awe na uangalifu ambao leo haupo kila mahali. Katika hesabu ya tani milioni 17.7, gharama ya uangalifu huo ndiyo ningependa kuiona kwanza.

Kuna jambo ambalo watu wa makontena wanalijua lakini huwa halifiki kwenye mijadala. Kontena la jokofu halikutengenezwa kugandisha shehena, limetengenezwa kuitunza katika baridi iliyoingia nayo. Hewa baridi hupulizwa chini, ikapita katika mifereji ya sakafu na kupanda ikizunguka mzigo, kazi yake ikiwa kuondoa joto linalopenya kwenye kuta na mlango. Mzigo uliopakiwa ukiwa na nyuzi 12 utatumia sehemu kubwa ya safari karibu na hapo hapo. Basi meli pekee ikihamia nyuzi 15 na ghala la kupokelea likabaki 18, ghala hilo ndilo litakalolazimika kuushusha mzigo kwa umeme wake. Sehemu ya nishati iliyookolewa baharini itakuwa imehamishiwa nchi kavu.

Upande wa pili una jibu zuri hapa: safari ya bahari ya wiki tano ni muda mfupi kwa bidhaa inayodumu mwaka na zaidi, na nyama ya ng'ombe au mkate haina haja ya ulinzi ule ule wa samaki mwenye mafuta. Nakubaliana nao. Mkataba wa ATP uliotiwa saini Geneva mwaka 1970 kuhusu usafirishaji wa vyakula vinavyoharibika nao hautoi namba moja kwa wote, kwani unaiwekea siagi nyuzi 10 na aiskrimu nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa mazao mabichi hakuna anayeota namba moja: ndizi husafirishwa karibu na nyuzi 13 juu ya sifuri kwa sababu baridi zaidi ya hapo huliharibu ganda lake. Pendekezo la nyuzi 15 lingekuja kama orodha ya bidhaa, likieleza ipi inaweza kupanda, kwa safari ya siku ngapi na nani anabeba miezi inayopungua, upinzani mwingi ungekosa pa kusimama. Limekuja kama kaulimbiu yenye namba moja, likiing'oa namba ya duara ya zamani ili kupanda ya duara nyingine.

Hoja ya tabianchi nayo ina upande wake wa pili. FAO na UNEP, mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya mazingira, katika ripoti yao ya pamoja ya mwaka 2022, zilikadiria kuwa tani milioni 526 za chakula, asilimia 12 ya uzalishaji wote, hupotea kwa kukosa upoozaji wa kutosha, na kila tani inayotupwa ilikwisha kula maji, mbolea na mafuta ya kuizalisha na kuisafirisha. Umeme unaweza kupunguzwa bila kugusa kiwango: mapazia ya milango, kuta zenye kihami kizuri, kompresa zinazobadilisha kasi kulingana na mzigo, na zaidi ya yote kufupisha saa za kontena kukaa bila umeme. Vifaa vya kurekodi joto vinavyosafiri ndani ya shehena tayari vinazionyesha saa hizo, dakika kwa dakika. Mwenye mzigo anaweza kuzidai rekodi hizo leo, kabla hajaombwa kuziachilia nyuzi zake tatu.