Lebo za RFID zinazojirekebisha: zinatatua nini, zinaacha nini

Lebo ya RFID (utambuzi wa vitu kwa mawimbi ya redio) isiyo na betri huchota nguvu yake yote kutoka katika mawimbi ya kisomaji, yaani kifaa kinachoisoma, na hujibu kwa kubadilibadilisha kiasi cha mawimbi inayoyaakisi. Chipu za siku hizi huweza kuamka kwa chini ya maikrowati 10, kwa hiyo upotevu wowote njiani huonekana mara moja. Ndiyo maana chipu, yenye tabia ya kapasita (kijenzi kinachohifadhi chaji ya umeme), huunganishwa na antena yenye tabia ya koili (waya uliozungushwa), ili tabia hizo mbili zifutane katika masafa yaliyokusudiwa, yaani kasi ya mtetemo wa mawimbi. Tatizo ni kwamba ulinganifu huo hupangwa kiwandani, ilhali lebo huja kubandikwa kwenye chupa ya maji, kwenye nguo au karibu na mwili wa mtu, na kila kitu kilicho jirani huyasogeza masafa ya antena.

Chipu inayojirekebisha, mfano Monza R6 ya kampuni ya Impinj, ina kapasita ndogo mno ambazo swichi za ndani huziunganisha au kuzitenga. Kila inapopata umeme, chipu hutafuta mpangilio unaoingiza nguvu nyingi zaidi na kubaki nao. Faida yake ni ya kweli: lebo moja huweza kufanya kazi vizuri Ulaya, penye megahezi 865 hadi 868, na Marekani, penye 902 hadi 928, bila kuundiwa antena mbili.

Hata hivyo, sifa zinazotolewa kwa teknolojia hii mara nyingi huchanganya mambo mawili. Kapasita hurudisha masafa mahali pake, lakini haziwezi kurudisha nguvu iliyokwisha kumezwa na maji, wala kuifufua antena iliyolazwa juu ya chuma kitupu, ambayo bado huhitaji tabaka la kuitenga na chuma hicho. Zaidi ya hayo, marekebisho yenyewe yanahitaji umeme, na lebo ambayo masafa yake yamesogea kiasi cha kutoamka kabisa haina namna ya kuanza kujirekebisha.

Matumizi yanayonivutia zaidi ni yale yanayougeuza usumbufu kuwa kipimo. Chipu ya Magnus S2 ya kampuni ya RFMicron hukieleza kisomaji, kwa namba ya 0 hadi 31, imejirekebisha kwa kiasi gani, na kwa kuwa unyevu hubadili namba hiyo, lebo isiyo na betri huwa kihisi cha unyevu. Ni werevu mkubwa, ila namba hiyo haisemi sababu: mkono uliosogea karibu huweza kuibadilisha kama tone la maji. Hata masafa ya kisomaji huibadilisha, na huko Marekani visomaji hurukaruka kutoka mkondo mmoja (kipande kidogo cha masafa) hadi mwingine, hivyo lebo kavu iliyotulia huweza kutoa namba tofauti ndani ya sekunde chache. Anayetaka kupima unyevu kwa dhati hulazimika kuhifadhi namba ya kila mkondo lebo ikiwa kavu, kisha kulinganisha mkondo kwa mkondo.