Kikande Kanigeuza Mpangaji

Kutoka kizingiti cha mlango wangu hadi Feri, hapa Mtwara, ni dakika 7 ukitembea kama mtu asiyedaiwa. Ukidaiwa, 4. Bahari ya Hindi nzima iko pale, imejitandaza, haina bili wala haitaki umeme. Sasa niulizeni kilichonituma kuweka nyingine sebuleni.

Tamaa tu. Mnazikumbuka enzi zile za gesi, Mtwara kuchele, wageni wamejaa na kodi za nyumba zimepanda hadi wenyeji tukawa tunasalimiana kwa kuguna? Bomba la kwenda Dar es Salaam lilipokamilika mwaka 2015, wengi wakafungasha. Vitanda vikauzwa, majokofu yakauzwa, na mlinzi mmoja kule Shangani akabaki na tangi la kioo la lita 200. Alikuwa anafugia vifaranga. Nikamshonea suruali mbili, tukabadilishana. Mimi fundi cherehani, nafanyia kazi hapahapa nyumbani. Nikasema mteja akikuta nguo yake haijaisha, badala ya kuangalia saa ataangalia samaki.

Samaki mwenyewe aliletwa na mtoto wa dada yangu. Alimchota kwa kikapu kwenye kidimbwi kule Mikindani siku ya bamvua, maji yamekupwa hadi mtu unaona aibu kutazama. Kikande. Mdogo, kama nusu mche wa sabuni, usoni ana michirizi ya njano na buluu utafikiri kapita kwa mpambaji wa maharusi. Wavuvi wetu hawamtukuzi: ngozi yake ngumu kama kandambili, huli mpaka umchune.

Usiku wa kwanza tu, mke wangu akaita. "Baba Asha! Samaki wako kafa."

Nikakimbia. Kweli, kalala ubavu katikati ya mawe mawili, tumbo limeegemea jiwe, jicho limekodoa. Ndoo 10 za maji ya bahari kwenye pikipiki, nauli ya kila ndoo, halafu marehemu hakumaliza hata siku. Mke wangu ni mtu wa Lindi, hapotezi mboga. Nilipogeuka alikuwa ameshakaa juu ya mbuzi anakuna nazi.

Nikaingiza mkono nimtoe. Hatoki. Nikavuta. Hatoki. Nikavuta kwa bismillahi, jiwe ndilo likanyanyuka, na marehemu akaning'ata kidole gumba.

Kumbe amelala! Ndivyo analalaga, ubavuubavu, kwenye tundu. Nimekuja kujua baadaye. Pale mgongoni ana mwiba mmoja mnene, akiingia kulala anausimamisha unakwama kwenye jiwe, na nyuma yake kuna mwiba mdogo unaoukaza ule mkubwa kama kitasa. Ukiuvuta ule mkubwa utavuta hadi Msumbiji, haulali. Unabonyeza ule mdogo, mkubwa unalala wenyewe. Nani angenambia? Wazee walitufundisha usingizi wa pono peke yake, na kweli kuna pono anayejitemea ute akajifunika gubigubi ndani yake mpaka asubuhi, lakini pono angalau hajifungii mlango kwa ndani. Basi tukala mhogo wa nazi. Tangu siku hiyo namlisha huku nimevaa subana.

Halafu ana maji mdomoni. Mnajua baharini kikande anapuliza maji mchangani ili afukue kaa, anapuliza mpaka mawindo yanapinduka? Sebuleni kwangu kaa hakuna. Ananipulizia mimi. Nikichelewa kumpa uduvi anapanda juu, anatoa pua, fyuu! Shabaha yake siisemi. Mwezi uliopita nilikuwa na satini ya sare ya harusi, mashangazi 6, rangi ya maziwa. Tone moja la maji ya chumvi kwenye satini ya maziwa, ndugu zangu, linaacha duara kama ramani ya kisiwa. Yeye akaacha visiwa 9. Mwenye mali aliponiuliza, nikamwambia ukweli kuwa samaki ndiye aliyeitemea mate. Akanitazama kwa huruma kabisa, akamnong'oneza mke wangu kitu, wakashikana mikono.

Mawe nayo. Jioni nayapanga vizuri, pango huku, uwazi kule. Usiku nasikia kok, kok, kok. Asubuhi pango limehama. Ananyanyua kwa meno! Mimi nina mwaka wa tatu namwomba mwenye nyumba anisogezee choo, yeye anajenga bila kibali.

Na kosa lingine, hili langu. Nilikuwa nikiona maji yamepungua tangini, naenda baharini nachota mengine, namwagia. Wiki ya tatu bwana mkubwa kanuna, halishiki tonge, kajibanza kwenye kona. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chumvi alikuja kupunguza kanzu, akachovya kidole, akalamba, akatema. "Fundi, unapika chumvi humu?" Maji yanapaa na joto, chumvi haipai hata chembe. Kwa hiyo kila ndoo nilikuwa naongeza chumvi juu ya chumvi, nimefungua shamba sebuleni bila leseni. Yaliyopaa yanarudishwa kwa maji baridi ya kisima, ya bahari ni pale tu unapotoa machafu na kubadilisha. Tangu nimejua hilo, kapona. Ningejua atapona hivi ningefikiri mara mbili.

Maana sasa anaongea. Wallahi. Ukimgusa mawe yake, ukigonga kioo, anatoa sauti: ng'o! Si kwa kufananisha, ni hiyo hiyo. Namwambia leo nakurudisha Mikindani, ng'o. Namwambia punguza kula, ng'o. Mama mkwe alikuja kututembelea siku nne, akaisikia alfajiri anatafuta kanga ya kuswalia. Siku hiyo hiyo akakumbuka ana mgeni Lindi.

Ningenyamaza hapo yangeisha. Lakini nina simu, na simu ina intaneti. Nikasoma kwamba kule Hawaii, Marekani, kikande wa ukoo huu huu anaitwa humuhumunukunukuapuaa. Nikafurahi, nikamsomea mke wangu, tukacheka. Akauliza maana yake. Nikasoma mbele, kwa sauti, mjinga mimi: kikande mwenye pua ya nguruwe.

Kimya.

"Mwenye nini?"

Ikabidi aitwe ustadhi. Akamtazama samaki, samaki akamtazama ustadhi, fyuu, kanzu ikalowa begani. Ustadhi akajifuta, akasema cha baharini ni halali, jina walilompa watu wa mbali halimbadilishi. Kisha akauliza taratibu kama kanzu yake ya Idi nitaishona bure. Nimeishona.

Sasa juzi usiku umeme ukakata. Pampu ya hewa ikazima, mapovu yakaisha. Bila mapovu maji yanaishiwa hewa, samaki anakata roho polepole, na safari hii ingekuwa kweli. Nikachukua kopo la plastiki. Unachota, unainua juu kadiri mkono unavyofika, unamwaga kwa kishindo ili maji yashuke na hewa. Unachota tena. Saa 6, saa 7, saa 8. Mbu wananila, mke wangu anakoroma chumbani, Asha anakoroma. Nikamulika kwa simu. Mwenyewe kalala ubavu, kitasa amekaza, tumbo linapanda na kushuka.

Saa 9 mkono ukafa ganzi. Nikaweka kopo chini nijikune kidogo tu mgongoni.

"Ng'o!"

Nikachota.