Debian ndani ya kishikwambi: mwalimu asisubiri laptop

Juzi umeme ulikatika hapa Chuno, Mtwara, magharibi ikiingia, nami niko swali la nane la mtihani wa majaribio wa hisabati, darasa la saba. Sikusimama. Kishikwambi kilikuwa na chaji ya kutosha, kibodi ya waya imechomekwa, na kwenye kioo kile cha inchi 10 LibreOffice, programu huria ya ofisi, ilikuwa wazi ndani ya Debian, mfumo kamili wa Linux wa kompyuta. Nikapanga sehemu na vipeuo vya pili kwa mwanga wa kioo chenyewe, nikahifadhi faili, nikaenda kula.

Kwa maoni yangu, mwalimu wa Mtwara mwenye kishikwambi chake mkononi hana haja ya kuweka kazi kiporo akingoja siku atakayopata laptop. Nasisitiza chake. Vishikwambi vya Sensa ya 2022 vilivyokuja kugawiwa walimu ni mali ya umma na vina taratibu zake, hivyo sishauri mtu avichokonoe. Nazungumzia kile ulichonunua kwa jasho lako.

Kabla ya hapo nilikuwa napeleka mitihani steshenari ikachapwe. Siku moja flashi ilirudi na virusi, mafolda yote yamegeuka njia za mkato, na mtihani wangu umebaki kwenye kompyuta ambayo kila mteja anaikalia. Iliniuma sana. Mtihani ni amana ya watoto.

Wapo watakaoniuliza kwa nini nisitumie app za ofisi za Android. Nimezitumia. Barua zinaandika vizuri, ila fomula zangu zilivurugika na jedwali likahama kurasa. Wengine wanasema andika mtandaoni. Hao nawakumbusha Mei 2024: mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara yetu ya kwenda Dar pale Somanga, na siku chache baadaye nyaya za baharini zikapata hitilafu, intaneti ikadorora nchi nzima. Faili iliyomo ndani ya kifaa changu haikujua kama kuna lililotokea.

Jambo lenyewe si geni. Nokia walitoa kishikwambi chao cha intaneti, 770, mwaka 2005, kikiendeshwa na Maemo, mfumo uliojengwa juu ya Debian. Ikafuata N810 mwaka 2007: kioo cha pikseli 800 kwa 480, RAM ya MB 128, kibodi ya kusukuma. Watumiaji wakaona kwamba kama damu ni ya Debian, basi Debian nzima inaweza kuishi humo. Wakaiweka kama faili moja kubwa kwenye kadi ya memori, wakaingia kwa njia ya chroot, amri inayoifanya folda moja ionekane kuwa mzizi wa mfumo mzima, na OpenOffice ya kompyuta ya mezani, iliyoitangulia LibreOffice, ikafunguka kwenye kifaa cha kiganjani. Polepole, lakini ilifunguka. Nami nikikumbuka kwamba mwaka mmoja kabla ya 770, yaani 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili, naona tulikuwa karibu sana na mlango huu.

Siri yake ni kerneli, kiini cha mfumo kinachokiendesha kifaa. Android nayo inakaa juu ya kerneli ya Linux, kwa hiyo hatuondoi kitu wala hatufuti kitu. Ni nyumba moja yenye vyumba viwili na jiko moja: Android chumba chake, Debian chumba chake, chakula kinapikwa na kerneli ileile. Chroot inadai mamlaka ya juu kabisa ya kifaa. Mimi natumia proot, ambayo haidai, ndani ya Termux, app ya Android ya kuandikia amri za Linux. Kila programu ya Debian inapoomba faili, proot inalikatiza ombi hilo na kulielekeza kwenye folda yetu, nayo programu ikaamini kwamba hapo ndipo mzizi wa mfumo. Gharama yake ni kasi, kwa sababu kukatiza huko kunachukua muda. Naikubali gharama hiyo kuliko kufungua kufuli la kifaa na kukiweka hatarini. Desktop nimechagua XFCE kwa wepesi wake, na inaonekana kupitia Termux:X11, app ya nyongeza ya kuonyesha madirisha ya Linux.

Tatizo lililonisumbua ni jingine. Kuanzia Android 12, mfumo unaua michakato ya ziada inayozidi 32, na Debian nzima inazimika ghafla ukiwa unaandika. Nilipoteza ukurasa mzima namna hiyo. Kwenye Android 14 kizuizi hicho kinazimwa katika mipangilio ya wasanidi. Kizime kabla hujaandika hata neno moja. Na Termux ichukue kutoka F-Droid, duka la app huria.

Kinachobaki kuwa kikwazo kwetu ni bando. Desktop na LibreOffice pamoja ni mamia ya MB, na si kila mwalimu wa Mikindani au Naliendele atayachoma kwa jaribio. Kwa hiyo Debian yangu niliitolea nakala ikiwa safi, bila faili zangu, kwa amri ya kuhifadhi nakala iliyomo kwenye proot-distro, zana ya Termux ya kusakinisha Debian, nikaiweka kwenye kadi ya memori. Wenzangu wawili wameshairejesha kwenye vishikwambi vyao vyenye prosesa ya biti 64 kama changu bila kutumia bando la kupakua upya.

“Mwalimu, na mimi nije na nini?” aliniuliza wa tatu jana.

Nimemwambia aje Jumamosi, na kibodi.